Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Katika miaka yote niliyokuwa mkwe wake, marehemu mama mkwe wangu nilimwona uso kwa uso siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimelala hospitalini nimevaa pampasi. Nayaandika haya nikiwa mzima. Mchana huu nimekula ugali na samaki aina ya furu wa kuchemsha, na tumbo limenyamaza. Kuna watu wameniomba niandike, wengi wao wanaharisha mwezi wa pili au wa tatu na wanaona haya kusema. Haya hiyo naijua vizuri. Nusura inipeleke kaburini.

Naitwa Magesa. Kwetu ni Butiama, ndani huko vijijini, ila nimejenga Kigera, Musoma mjini. Kazi yangu ni kutibu ng'ombe. Sikusomea udaktari, nilipita kozi fupi ya mifugo, nikapata cheti, nikanunua pikipiki na boksi la bati la kuwekea dawa na mabomba ya sindano. Vijijini, kuanzia kwetu mpaka Suguti, wananiita daktari, na wakati ule nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko lile nililobatiziwa.

Sisi watu wa ng'ombe tuna kosa moja ambalo sidhani kama mtu asiyefuga anaweza kulifanya. Ng'ombe akiugua tunamchoma sindano, na dawa kidogo ikibaki kwenye bomba tunaona ni dhambi kuimwaga. Basi mimi nikiwa na jipu, najichoma. Kifua kinabana, najichoma. Nilishika paja langu mwenyewe nikachomeka sindano, macho yakiwa kwenye televisheni. Mke wangu Rhoda, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akinigombeza, nami namjibu, "Dawa inayomwinua dume la kilo mia tatu itashindwaje na mimi?" Nilijiona nina akili. Tumbo likikoroga kidogo nilimeza vidonge vya rangi mbili, mafua yakija nilimeza vilevile, na sikumaliza dozi hata moja maishani mwangu. Mtu ameshapata nafuu, dozi ya nini?

Nikikumbuka tumbo langu la utotoni naona kama ni habari za mtu mwingine. Tulichunga ng'ombe wa baba, tukishikwa na kiu tunainama lamboni na kunywa pamoja na ndama. Tulikula maembe mabichi kwa chumvi na viporo vya juzi. Mama alikuwa na vibuyu vinne vya maziwa ya mgando, aliviosha kwa maji ya moto na kuvifukiza moshi wa kaa la moto, na kila kimoja kilikuwa na ladha yake. Sisi watoto tulifumba macho, tukaonja, tukataja ni kibuyu kipi. Tumbo lilipokea vyote na halikulalamika. Mama alishafariki, na vibuyu vile sijui viliishia wapi.

Mwaka nilioanza kuugua, jino liliniuma wakati watu wanapanda pamba. Nikalitibu kwa sindano tano za ng'ombe, moja kila siku, na vidonge juu yake. Jino likatulia. Wiki haikuisha, tumbo likaanza.

Mwanzoni nilidhani ni maharage ya msibani. Siku ya tatu niliacha kuhesabu safari za chooni. Yalikuwa maji matupu, na harufu yake ilikuwa ngeni. Mimi ni mtu wa kuingiza mkono ndani ya ng'ombe aliyekwama kuzaa, lakini harufu ile sikuwa nimeikuta popote. Nikafanya nilivyozoea, nikameza vidonge zaidi. Nikaenda kupima mahali, nikaambiwa ni taifodi, nikapewa vidonge vingine, nikavipokea kwa mikono miwili. Kila nilipomeza nilizidi kuharisha.

Kama unasoma haya na wewe unakaa kwenye yale mabenchi ya hospitali, nakujua. Unachagua mwisho wa benchi, karibu na choo. Unabeba suruali ya pili kwenye mfuko mweusi na kujifanya umetoka sokoni. Namba yako inaitwa ukiwa ndani ya choo, na ukitoka imeshapita. Siku moja pale Musoma kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa, amemleta mjukuu mwenye homa. Kila nilipoinuka aliweka kanga yake juu ya nafasi yangu. "Hapa pana mtu," aliwaambia waliokuja. "Anarudi sasa hivi, ana dharura." Hakusema dharura gani. Hata jina lake sikumuuliza, lakini nikipita sokoni namtafuta kwa macho mpaka leo.

Nilipoingia kwa daktari aliniuliza maswali mengi, na moja lilikuwa hili: "Umetumia dawa yoyote miezi hii?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema hapana kwa sababu nje ya chumba kile kulikuwa na watu watatu ninaowatibia ng'ombe. Waliniamkia "shikamoo daktari." Ningewezaje kufungua mdomo na kusema daktari mwenyewe anajichoma dawa ya ng'ombe? Daktari akaandika hapana, nikapewa dawa za hapana.

Mwili ukaanza kuondoka. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, kisha la pili, kisha la tatu. Pete ya ndoa ikawa inanivuka nikinawa, Rhoda akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Binti yetu Neema, mwenye miaka saba wakati huo, alinitazama mezani akauliza, "Baba, mbona unakuwa mdogo?" Nyumbani maneno yalikuwa makali. Asubuhi moja Rhoda aliniambia, "Leo nimefua mashuka manne kabla ya kengele ya shule." Nikamjibu, "Sikukuomba ufue." Alichukua begi lake la vitabu akaondoka. Neno lile linaniuma mpaka leo, na nimeshamwomba msamaha mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia.

Shule zilipofungwa Rhoda akasema hawezi tena peke yake. Kwao ni Kabasa, Bunda, na hospitali haiko mbali. Mama yangu hayupo, dada zangu wako mbali. "Twende kwetu," akasema.

"Kwenu kuna mama yako."

"Ndiyo maana twende."

Asiyetoka huku kwetu hataelewa kwa nini nilikataa siku mbili nzima. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani, unakimbia. Unaingia hata kichakani. Watu wa mjini wengi wameyaacha, lakini mama mkwe wangu, Mama Wakuru, alikuwa mtu wa zamani, na mimi nililelewa hivyohivyo. Mkwe hatakiwi hata kujua kwamba unaenda chooni. Sasa mimi nilikuwa naenda mara ishirini kwa siku.

Tulikwenda. Muumini mmoja wa kanisani kwetu alitupeleka kwa gari lake, Rhoda na Neema mbele, mimi kiti cha nyuma na ndoo yenye mfuniko. Nikawekwa kwenye nyumba ndogo ya shemeji yangu aliyekuwa safarini, ukuta wake wa nyuma ukigusana na jiko la Mama Wakuru. Choo kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Kwa hiyo ikatungwa sheria: nikitoka, Rhoda anatundika kitenge chekundu kwenye uzio, na mama yake anabaki ndani mpaka kishuke. Siku ya kwanza kitenge kilipanda na kushuka mpaka ugali ukaungulia jikoni, maana mpishi alikuwa amefungiwa chumbani kwake. Jioni nikamsikia nyuma ya ukuta.

"Rhoda, hicho kitenge kiacheni huko huko juu. Mimi nitakuwa napitaga nikipata nafasi, kama magari polisi wa barabarani akiwa amesinzia."

Akacheka. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kusikia kicheko cha mama mkwe wangu. Kilikuwa kicheko cha msichana.

Siku zile za Kabasa nilikuwa mgonjwa kupindukia, mifupa ya makalio ilinichoma hata kwenye godoro, na bado ndizo ninazozikumbuka kwa hamu kuliko siku nyingi za uzima wangu. Asubuhi kulikuwa na harufu ya uji wa ulezi kupitia ukutani. Halafu sauti yake.

"Rhoda, mwambie mgonjwa wako uji uko mlangoni."

"Amesema uji uko mlangoni," Rhoda anarudia.

"Nimesikia."

"Amesema amesikia."

Baada ya wiki kadhaa, Rhoda akiwa ameshaomba ruhusa shuleni ili abaki nami, nikagundua jambo. Rhoda alikuwa ameenda kuchota maji, na uwanjani hapakuwa na mtu, lakini sauti ikaja vilevile: "Rhoda, muulize kama supu ya samaki imekaa tumboni."

Nikafikiri kidogo. Nikajibu, "Rhoda, mwambie mama imekaa mpaka saa nne."

"Rhoda, mwambie nitapunguza mafuta."

Tukawa tunaongea hivyo, watu wawili na Rhoda asiyekuwepo. Alinisimulia jinsi Rhoda alivyokuwa mtoto mbishi, jinsi mume wake alivyomposa, jinsi pamba ilivyokuwa inajaa mpaka chumbani wakalala juu ya magunia. Nami nikamsimulia vibuyu vya mama yangu.

Mama Wakuru alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, na palizi ya pamba ilipoanza kiwele chake kikavimba na kuwa cha moto. Nikaona nafasi ya kulipa fadhila. Nikatoa maelekezo kupitia ukutani, jirani akafungua boksi langu la bati, akamchoma sindano siku tatu. Kiwele kikalainika. Nilijisikia mwanaume tena, ingawa nilikuwa nimekaa juu ya ndoo.

Siku chache zilizofuata nilimsikia akilalamika jikoni.

"Rhoda, haya maziwa yamekataa. Leo siku ya tatu hayagandi, yananuka tu. Kibuyu nimekiosha, nimekifukiza. Tangu nizaliwe sijaonaga hii kitu."

Siku hiyo Rhoda alikuwepo, lakini nilijibu mwenyewe, kwa sauti ya kazini. "Rhoda, mwambie mama ni ile sindano. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa hayagandi. Ayamwage, asubiri wiki nzima." Nilipaswa kumwambia tangu siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba wafugaji wangu wengi sikuwaambia.

"Rhoda, muulize, sindano ya paja inafikaje kwenye kibuyu?"

"Inatoka na maziwa. Inaua vile vidudu vinavyogandisha."

"Kumbe kuna vidudu vya kugandisha?"

"Vipo, mama. Ni vidudu vizuri. Vikifa hivyo, vinabaki vibaya tu, ndiyo hiyo harufu."

Hapo nilisahau hata kumtaja Rhoda. Nilisikia kuni zikisogezwa. Kisha akasema taratibu:

"Rhoda, na huyu mgonjwa wako, si uliniambiaga huwa anajichomaga hiyo hiyo?"

Nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini kiburi ni ugonjwa mwingine, na huo haupimwi kwenye choo. Nikamwambia Rhoda amwambie mama yake kwamba mimi si kibuyu. Rhoda alipoingia ndani nikamshika mkono, nikamwapisha asimwambie daktari yeyote. "Nitachekwa kutoka hapa mpaka Tarime," nikamwambia. "Nani ataniletea ng'ombe tena?" Aliapa huku analia, na nilimwacha alie.

Pamba ilipoanza kutoa maua, kuhara kukapungua ghafla na tumbo likavimba. Nikashangilia kwa nusu siku. Kisha homa ikapanda, ngozi ya tumbo ikakaza kama ya ngoma, na nikaanza kuongea na watu ambao hawapo. Nikabebwa hospitalini Bunda. Nilitundikiwa dripu, nikavalishwa pampasi, nikalala natazama feni isiyozunguka.

Daktari alikuwa dada kijana, mwenye miwani, anayeongea haraka. Alinibonyeza tumbo mara moja tu akaacha.

"Baba, utumbo wako mpana umevimba vibaya," akasema. "Usipopungua mpaka kesho, nakupeleka Mwanza, na huko huenda wakaukata wautoe. Kwa hali uliyonayo sijui kama utastahimili kisu. Nisaidie nijue kilichoanzisha. Kabla ya kuugua ulitumia dawa gani?"

Huyo alikuwa mtu wa nne kuniuliza. Kitanda cha pili kulikuwa na mzee wa Butiama ninayemfahamu, ana ng'ombe sitini.

"Hakuna," nikasema.

Rhoda alitazama sakafu. Nakwambia ukweli, msomaji, nilikuwa tayari kufa daktari kuliko kupona nikiwa mjinga.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mwanamke mfupi aliyejifunika kitenge kichwani mpaka usoni, amebeba boksi langu la bati. Nilimtambua kwa miguu, kwa sababu miguu yake ndiyo niliyowahi kuiona, chini ya milango. Nikageuza uso ukutani, maana hata mtu anayekufa ana adabu yake. Nikasikia boksi likiwekwa juu ya kitanda.

"Daktari," akasema, "mimi ni mkwe wake huyu. Siruhusiwi kuwa humu ndani, na yeye anajua. Lakini huyu anajichomaga dawa ya ng'ombe. Miaka mingi. Kabla ya kuugua alijichoma siku tano kwa ajili ya jino, na vidonge akameza. Ng'ombe wangu alichomwa hiyo hiyo, maziwa yakakataa kuganda, yakanuka. Yeye mwenyewe ndiye aliniambia kwamba vidudu vizuri vimekufa. Sasa mimi sikusoma, nauliza tu, tumboni mwake si itakuwa vilevile?"

Daktari hakucheka. Mzee wa ng'ombe sitini akakaa kitandani ili asikie vizuri.

"Mwenyewe athibitishe," daktari akasema. "Baba, ni kweli?"

Nilikuwa bado naangalia ukuta. Ndipo nikasikia jina langu, jina ambalo mkwe halitamki.

"Magesa. Geuka uniangalie."

Nikageuka. Alikuwa ameshusha kitenge mabegani. Uso wake ulikuwa mdogo, mweusi, na macho yalikuwa ya Rhoda, yaleyale, ila yamezungukwa na mikunjo. Mwanamke yule alikuwa na hofu kuliko mimi, na bado hakuondoa macho yake juu yangu.

"Binti yangu bado mdogo kukaa eda," akasema. "Sema."

Nikasema. Nilianza na jino, nikarudi kwenye majipu na vifua vya miaka yote, nikataja vidonge vya kila duka, na nilipofika kwa daktari wa kwanza niliyemdanganya nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Mama Wakuru alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika tena, akatoka. Daktari alikuwa anaandika bila kupumzika. "Bibi amenifundishia somo langu lote," alimwambia nesi.

Hayo ya kitaalamu wanayajua wenyewe. Ninachojua ni kwamba aliondoa dawa nilizokuwa napewa, akachukua choo changu kikapimwe, na akaagiza dawa nyingine ya kumeza, ambayo ilikuja kwa basi kutoka Mwanza. Alisema tumboni mwangu wamebaki wadudu wabaya peke yao, hawana wa kuwazuia, na dawa hii inawalenga wao. Mwanza sikupelekwa. Siku ya tatu nilitoa upepo mrefu mbele ya watu, na nesi akapiga makofi. Sijawahi kushangiliwa hivyo hata siku ya harusi yangu.

Haikuishia hapo, na wewe unayeugua ujue hivyo usije ukakata tamaa. Pamba ilipoanza kupasuka, ugonjwa ulirudi. Nilirudi Bunda nikiwa nimevunjika moyo, nikapewa duru ya pili ya dawa ileile, ndefu zaidi, vidonge vinne kwa siku, kisha vitatu, kisha kimoja, mwishoni siku moja nameza na siku moja napumzika. Magunia ya pamba yalikuwa yameshapelekwa ghalani nilipomeza cha mwisho. Ilikuwa dozi ya kwanza maishani mwangu kuimaliza. Chakula nacho kilirudi pole pole, uji, ndizi, supu, ugali laini. Daktari aliporuhusu, nikaletewa kikombe kidogo cha maziwa ya mgando ya yule ng'ombe mwekundu, safari hii yameganda mpaka yanakatika kwa kijiko. Sisemi ndiyo yaliyoniponya. Niliponywa na dawa, na kwa kusema ukweli. Lakini nilikinywa kikombe kile nimefumba macho, nikitafuta ni kibuyu kipi cha mama kinachofanana nacho.

Kazini nilirudi, na watu walinicheka kama nilivyotabiri. Walinicheka kwa msimu mmoja hivi. Ng'ombe waliendelea kuugua na mimi niliendelea kuitwa. Majuzi huko Suguti mfugaji mmoja, baada ya mimi kumchoma dume lake, alinivulia shati akanigeuzia bega.

"Hiyo iliyobaki nimalizie mimi, daktari. Kuna kikohozi hapa."

Nikaimwaga chini. Nikamwambia maziwa ya ng'ombe wake mwingine niliyemchoma yamwagwe wiki nzima, na yeye aende hospitali, na akiulizwa ametumia dawa gani ataje zote, hata za mbuzi.

Sasa ule mwiko. Mama Wakuru alikuwa ameuvunja mbele ya wodi nzima, na habari ilifika kijijini kabla hajafika yeye. Wazee wa ukoo wao wakakaa. Wakaamua nipeleke mbuzi na blanketi kuondoa haya ile. Wakaongeza kwamba, kwa kuwa tumeshaonana, na kwa kuwa siku hizi mambo yamelegea, tukitaka tunaweza kuzoeana, tukasalimiana kama watu wengine. Nilifurahi mno. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule mama, na sikutaka tena kuyapitishia kwa Rhoda, awepo au asiwepo. Nikapeleka mbuzi mwenyewe, nikakaa upande wangu wa ukuta, nikasubiri jibu.

"Rhoda," sauti ikaja kutoka jikoni, "mwambie mbuzi nimempokea, na blanketi ni zuri. Hilo lingine hapana."

Niliumia. Nikauliza kwa nini.

"Mwambie nilimfuata kwa sababu alikuwa hawezi kukimbia. Sasa ana miguu. Anikimbie kama zamani."

Nilirudi Kigera nimenuna. Nilidhani amenionea haya, kwamba amekumbuka pampasi. Rhoda alinicheka akasema sijamwelewa mama yake.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Kabasa peke yangu. Nilishuka kwenye pikipiki mbali kidogo, nikashika njia ya mashambani kwa miguu, ili nione kama nguvu zimerudi. Kwenye kona, hatua kama hamsini mbele, akatokea yeye, ameshika fimbo, anatoka kanisani. Alisimama. Hakujifunika uso wala hakuingia pembeni, na umri wake haukumruhusu kuruka mtaro. Alisimama tu katikati ya njia, ameegemea fimbo, ananitazama, anasubiri aone nitafanya nini.

Nikavua viatu, nikavishika mkononi. Nikaruka mtaro, nikaingia shambani, nikakata katikati ya mabua makavu ya pamba huku yananichapa mapajani, tumbo langu likinifuata bila neno. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nyuma yangu, njiani kule, bibi mzima peke yake alikuwa anapiga vigelegele.

Nikaongeza mbio.